Jenereta ya Kimanzi

Kikoneni, 3 Februari 2025

Mwanangu Ndulu,

Hujambo? Baba yako mzima, mimi tumbo linanisumbua. Naandika kwa sababu kwenye simu majirani wote wanasikiliza. Jenereta aliyotuuzia mchumba wako Kimanzi imeungua, pampu ya kisima imenyamaza, na kina mama wa kikundi tumerudi bwawani kuchota maji yenye kinyesi cha ng'ombe. Nikiyanusa tu nataka kutapika. Kimanzi alikuja akasema mbele ya watu kwamba Kache, anayeiwasha, ndiye aliyeiunguza kwa uzembe. Wamemtoa kikundini, hata salamu hawampi. Wewe ni fundi umeme wa hoteli. Mota ya pampu imeandikwa volti 240, ampea 15, halafu 0.8. Jenereta imeandikwa volti-ampea 3,000. Niambie, ni Kache kweli?

Mama yako

Diani, 12 Februari 2025

Shikamoo mama,

Pole na tumbo, chemsheni hayo maji. Mimi mzima.

Si Kache. Kwenye umeme wa mkondo geu, volti mara ampea hapo ni 3,600, na huo ndio mzigo wote ambao jenereta inaubeba. Ile 0.8 ni sehemu ya mzigo huo inayogeuka kazi; ukizidisha nayo unapata wati 2,880, kazi halisi ya mota. Kimanzi aliwaonyesha wati peke yake, akawaambia 3,000 inatosha. Haitoshi, ilikuwa lazima iungue. Nilimfuata dukani Ukunda, akacheka. Alijua, ila jenereta ilikuwa imekaa sana stoo. Kicheko kile kilinichefua.

Lakini mama, mbuzi wa ntheo mmeshawapokea, na kwetu Wakamba mimi ni mke wake tayari. Nakuomba unyamaze. Kache atasahau.

Mwanao

Kikoneni, 20 Februari 2025

Ndulu,

Tumbo limepoa, ahsante. Hesabu yako nimeielewa. Nilipofika pale ulipoandika Kache atasahau, niliiweka barua chini nikaenda kunawa mikono. Kimanzi ananitia kinyaa, lakini wewe nimekuzaa mimi.

Nimesimama mbele ya kikundi nikawaeleza yote, pamoja na ombi lako. Kache amerudishwa. Baba yako ametoka asubuhi hii kuwarudisha mbuzi kwa kina Kimanzi. Yule tuliyemchinja tumemlipa kwa beberu wetu. Wewe si mke wa mtu tena.

Ukija, pitia kwanza kwa Kache. Asipokufungulia mlango, rudi Diani.

Mama yako