Chungu Kibichi cha Mama

Jumatatu, 7 Julai
Vikombe vya hoteli nimevipeleka mjini. Nimerudi nyumbani Karen, nimefagia banda, nimekagua mpira wa gesi wa tanuri. Chungu cha Mama bado kiko kwenye rafu, bado kibichi, hakijachomwa. Jua hakuna. Julai hii imenichosha.

Alikifinyanga kwa mkono, bila gurudumu, macho yakimwacha. Anataka kukiona kimeiva, chekundu. Hilo tu.

Jumatano, 9 Julai
Parklands, kwa daktari wa macho. Presha ya macho ya Mama imepanda. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia halina siku nyingi. Tukirudi, Mama aliuliza jambo moja: "Hiyo chungu imekauka?"

Nimekigusisha shavuni, alivyonifundisha. Kikiwa baridi, maji bado yamo. Ni baridi. Lakini hata shavu langu ni baridi, na ukuta, na kila kitu Nairobi hii. Nitajuaje?

Ijumaa, 11 Julai
Asubuhi Mama hakuona kikombe cha chai mpaka nikamshikisha. Nimeogopa. Kesho nachoma.

Jumamosi, 12 Julai
Nilianza na moto mdogo kabisa, mlango wa tanuri wazi kidogo. Mvuke ulitoka kwenye tundu la juu. Niliuona, nikajua maji bado yamo. Kwao Mama, Nyanza, walichoma nyasi ndani ya chungu kwanza, polepole, mpaka kikauke. Mimi nikasema gesi ni gesi. Nikafunga mlango, nikaongeza moto.

Pu! Mara moja tu. Nikazima.

Mfinyanzi hulia gaeni, wanasema. Haya, gae ndilo hili. Najichukia.

Jumapili, 13 Julai
Sikwenda kanisani. Nimemwambia Mama kinapoa. Uongo mtupu.

Jumatatu, 14 Julai
Nimemwambia ukweli, nikamwekea vipande mapajani. Alivipapasa, akakwaruza kimoja kwa ukucha. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Haijaiva, Achieng'. Weka kwa maji. Hiyo bado ni udongo."

Nimeviloweka kwenye beseni. Nililia bandani, si mbele yake.

Jumamosi, 19 Julai
Manyunyu tangu asubuhi. Jicho la kulia nalo limekwisha. Sasa ananijua kwa hatua zangu.

Beseni liko kando ya kiti chake. Udongo umelainika vizuri. Nimemwambia. Akasema sawa. Mikono yake imeshinda mapajani, udongo haijaugusa.

Jioni nimelifunika beseni kwa gunia lililoloweshwa, udongo usikauke.