Kengele ya Spoku kwenye Pito la Ziwa la Juu

Kabla ya yote, Spoku, naapa mbele yako na mbele ya wote watakaosoma: haya ni kweli tupu, mwanzo hadi mwisho. Najua huko uliko umeshaanza kucheka. Cheka, ila safari hii niache nimalize.

Mwaka umezunguka, mdogo wangu, tangu asubuhi ile ulipoegemeza baiskeli kwenye nguzo ya pitoni, pale njia inapojibana kati ya vilele viwili, ukashuka kwa miguu kuelekea ziwa la juu, ndani ya ukungu. Hukurudi.

Kalamu ya kumbukumbu hii nimepewa mimi. Shemeji, mkeo, alijaribu, akafika neno la pili akaliacha. Binti yako akasema, "Mwacheni Ba'mkubwa aandike, herufi ndiyo kazi yake. Ila asitie chumvi." Kweli herufi ndiyo kazi yangu, nimepaka rangi mabango ya maduka mpaka nikastaafu, na kusoma nilifundishwa na brashi. Lakini chumvi, jamani. Nani anapika bila chumvi?

Karakana yako iko vilevile. Mlango wa bati unaogoma kufunguka, magurudumu yanayoning'inia darini, harufu ya grisi na gundi ya viraka. Mtu akija na baiskeli iliyopinda ulikuwa humuulizi kwanza ameigonga wapi. Ulimuuliza, "Wewe je, umeumia?" Ukamvutia kiti. Kisha ulilizungusha gurudumu, ukafumba macho, ukasikiliza. "Spoku hii inalalamika," ulisema, na ndiyo hiyo iliyokuwa imelegea. Jina likakuganda.

Mikono yako ilikuwa karakanani, moyo wako ulikuwa mlimani. Siku ya mapumziko ikifika ulifunga blanketi na mkate kwenye karia, ukaondoka. Penye njia uliendesha. Njia ilipokataa, uliitia baiskeli begani ukatembea. "Mara inanibeba, mara naibeba," ulisema. "Ndoa ndiyo hiyo." Shemeji akauliza, "Mimi umenibeba lini?" Ukamjibu, "Wewe zamu yako ya kunibeba bado haijaisha, mama."

Ulinistahi pia mimi. Niliwaambia wateja wako kwamba nilivuka pito lile pamoja nawe, na kwamba kwenye ziwa la juu nilivua samaki mkubwa kiasi kwamba nilipomtoa, maji yalipungua, mbuzi wakapata malisho mapya ukingoni. Ulikuwa umeinamia mnyororo wa mtu. Hukuinua kichwa. "Mkia wake tulimaliza kuula lini vile?" uliuliza tu. Hukuwaambia kwamba safari zangu zote ziliishia ziwa la chini, kwenye benchi la mwenye kibanda, nikinywa chai na kusubiri ushuke.

Ulikuwa na desturi moja. Ukifika kwenye nguzo, kabla ya kushuka upande wa pili, ulipiga kengele kuelekea ziwa la juu, ukangoja mwamba wa ng'ambo urudishe sauti. Mwamba ukirudisha, ulishuka. Ukikaa kimya, uligeuza baiskeli. "Mlima ukinyamaza, usiuulize mara ya pili," ulituambia mezani, nasi tulicheka.

Siku ile, mwenye kibanda anasema, maji ya ziwa la chini yaliamka meusi, wala hapakuwa na upepo. Ndege wa juu walikuwa wameshuka wote, wametulia juu ya paa lake bila kulia. Mbwa wake alilala katikati ya njia, akakataa kuondoka. Ulimruka. "Nasalimia juu, narudi," ulisema. Ukungu haukutoka angani, Spoku. Ulipanda kutoka majini, polepole, kama mtu anayekuja kuangalia nani amefika.

Sijui kwa nini ulishuka. Labda ulipiga kengele, ukajibiwa. Labda kilichojibu hakikuwa mwamba.

Walipokuteremsha, mimi ndiye niliyekupokea pale kibandani. Kiganja chako kilikuwa kimefumbwa, nikakifumbua. Ndani mlikuwa na kengele. Ulikuwa umeifungua kwenye usukani ukashuka nayo, na ulipovunjika mguu kule chini, ukaipiga. Niliitia mfukoni mwa koti langu.

Nyumbani, binti yako alikuwa akiifuta baiskeli. "Kengele iko wapi?" aliuliza. Ningemwambiaje kwamba baba yake alikaa peke yake ukunguni akiita? Mdomo wangu ukatangulia. "Ameitundika kwenye nguzo ya pitoni, mwanangu. Waendao milimani huacha kengele zao pale, ili mlima usiwasahau."

Hakuwa amewahi kusikia desturi hiyo. Hata mimi sikuwa nimewahi kuisikia.

Hadithi zangu nyingine hufa zenyewe, hii ikaota miguu. Binti yako amefungua karakana, anasikiliza magurudumu kama wewe, na mwaka mzima amekuwa akiiandaa baiskeli yako: breki, tairi, kila kitu. Juzijuzi, tukiwa mezani, akasema, "Jumapili napanda kuichukua kengele ya baba."

"Na nani?" Shemeji aliuliza.

"Peke yangu. Baba alikwenda na nani?"

Mwenye kibanda alikuwa amepiga simu mchana huohuo. Shemeji alitusimulia akiwa ametugeuzia mgongo, akisuuza kikombe kilichokwisha takata. Maji yamekuwa meusi tena. Ndege wameshuka. Mbwa amelala njiani.

"Mama, baba ameniachia kitu pale juu," binti alisema. "Nisikifuate kwa sababu ya mbwa?"

Shemeji alinitazama mimi. Hakujua lolote kuhusu kengele. Alinitazama kwa kuwa mimi ndiye mkubwa wako, na mkubwa anatakiwa kusema neno. Nikalisema. Nikasema nimepata habari kwamba kengele haipo tena pale. Imechukuliwa na tai.

"Tai," binti alisema.

"Tai mkubwa. Ameitia shingoni. Kila akipiga bawa, wachungaji wanasikia kringi, kringi." Nikainua mikono yote miwili kuwaonyesha bawa linavyopigwa, koti likatikisika, na kengele yako ikalia mfukoni mwangu.

Ulisema siku zote kwamba ile kengele imelegea na ipo siku utaikaza. Ungeikaza, Spoku.

Binti yako akafungua kiganja juu ya meza. "Iweke hapa, Ba'mkubwa."

Niliiweka, na yaliyobaki yakanitoka yenyewe. Kwamba ilikuwa mkononi mwako. Kwamba mwenye kibanda alipoona ukungu unapanda alikufuata mpaka kwenye nguzo, akaikuta baiskeli, akasikia kengele kutoka chini ambako hakuweza kuona hata miguu yake mwenyewe. Alikuwa amebeba sufuria na mwiko. Akagonga ili ujue njia iko wapi. Ukapiga, akagonga. Ukapiga, akagonga. Kengele ikanyamaza, yeye akaendelea kugonga mpaka ukungu ulipoondoka akakuona, umeketi ukingoni mwa maji, umeegemea jiwe, baridi imeshakuchukua.

Shemeji alikuwa amekaa chini. Binti aliizungusha kengele kwenye vidole. "Kwa hiyo alijibiwa?"

"Alijibiwa, mwanangu. Mpaka mwisho."

"Na hilo ni kweli, au ni tai mwingine?"

Nikafumbua mdomo niape. Sikupata kiapo ambacho sikuwahi kukitumia kwa samaki.

"Basi Jumapili siendi," akasema. "Nitangoja mwenye kibanda aseme ndege wamerudi juu. Siku hiyo tutapanda wote wawili. Sitaki uishie kwenye benchi. Nataka nimsikie mwenye sufuria kwa masikio yangu. Halafu utapanda nami mpaka kwenye nguzo, uitundike hii pale pale uliposema ipo."

"Mwanangu, magoti yangu haya..."

"Ndiyo hayo hayo uliyovulia samaki?"

Shemeji akacheka. Akalia, kisha akacheka tena, na nyumba yako, Spoku, ilikuwa imesahau sauti hiyo.

Kwa hiyo ninalipa. Kila asubuhi naisukuma baiskeli yako kupanda mtaa wetu mpaka kwenye tangi la maji na kurudi, ninoe magoti. Majirani wanauliza naenda wapi. Nawaambia ukweli, hawaniamini.

Mwenye kibanda bado hajapiga simu. Ndege bado wako kwenye paa lake.

Siku tutakapofika, kabla sijaitundika, binti yako ataipiga mara moja kuelekea ziwa la juu, kama ulivyofanya. Nakuomba kitu kimoja, mdogo wangu. Hata ukimtamani vipi, usimjibu. Uache mwamba ujibu wenyewe.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye bado anaacha nafasi ya baiskeli yako ukutani. Na binti yako, fundi. Na mwenye kibanda wa ziwa la chini, na mbwa wake. Na mimi kaka yako, mpaka rangi wa mabango, mwenye magoti mabovu na hukumu shingoni.

Tutakukumbuka daima, Spoku, na hapo sijatia chumvi.