Yai la Dorotea

Ursula, kaa chini kwanza! Lile yai la sabuni ya mwaka wa sabini na nne lilikuwa viza. VIZA! Dorotea amekiri sasa hivi hapa Nyegina, mtu mzima, bila aibu.

Si unakumbuka, maji ya majivu yakikolea yai linaelea, ndipo tunatiaga mafuta? Yake yalikuwa mepesi, yai zima likazama tii. Na Bwana Maendeleo kashafika kuchagua mkuu wa sabuni! Dorotea akatumbukiza viza, ambalo linaelea hata kwenye maji matupu.

Bwana akapiga makofi. "Yamekolea, mama! Hilo yai nichemshie nile."

Nichemshie nile!!

Dorotea jasho likamtoka. "Ndugu, hili ni mali ya kijiji."

Bwana akamsifu kwa ujamaa wake, akamchagua palepale. Sisi tukafulia sabuni ya uji mwezi mzima!