Nyota Inayokula

Jumanne, 9 Machi 1965

Nimepewa ukumbi Jumamosi — mara ya mwisho! Sellah, mwenye funguo, kasema wakija watu arobaini, darasa langu la nyota litakuwa la kila wiki. Wakipungua, basi. Mwezi uliopita walikuja watatu. Mmoja alikuwa anakimbia mvua.

Mwalimu Shitanda, aliyenifukuza darasa la sita kwa kukosa karo, anacheka sokoni: eti mwenye mashine ya kusaga posho atafundisha mbingu? Acheke! Gazeti la sayansi la Padre wa misheni ya Mukumu nimelisoma mara kumi na moja, kamusi mkononi.

Alhamisi, 11 Machi 1965

Nimeipata! Kwa mashine yangu mwenyewe!

Wataalamu wanadhani katikati ya makundi mengine ya nyota kuna kitu kizito ajabu, hakionekani, kinameza gesi inayokikaribia. Na gesi hiyohiyo ndiyo huzaa nyota! Sasa nyota mpya zitatoka wapi? Gazeti halisemi. Mashine imesema. Ukitia mahindi kidogo, upepo wake unarundika unga pembeni — mafungu mafungu, kama nyota changa. Ukijaza, upepo unaupuliza unga wote nje mlangoni. Basi mlaji huzalisha, au humaliza. Ni kiasi anachokula tu!

Nimecheka peke yangu, kichwa cheupe kwa unga. Nimemtuma Sylvanus, kijana wangu wa mashineni, achore bango: NYOTA INAYOKULA.

Jumamosi, 13 Machi 1965

Mia mbili na kumi na wawili! Nimehesabu mara mbili. Wengine madirishani. Nikashangaa — mpaka Mama Namalwa, mteja wangu, aliposimama: mugombea, barabara utatuletea lini?

Nikatoka kutazama bango. Sylvanus! Ulimi wako umeingia kwenye brashi! NYOTA INAYO KURA. Wamedhani nyota ni alama yangu, nagombea kiti cha baraza!

Ningefanyaje? Nikafundisha. Nikamwaga unga mezani, nikapuliza. Mama Namalwa tena: kumbe mukubwa wa katikati akikura sana, wadogo hawazaliwi? Ndivyo, mama.

Ukumbi ukalipuka! Vigelegele! Hata Shitanda alipiga makofi — alijisahau.

Jumapili, 14 Machi 1965

Sellah kaniletea funguo. Kila Jumamosi, yangu! Funguo, na barua. DO, mkuu wa serikali hapa tarafani, anataka maelezo kwa maandishi, kesho saa mbili asubuhi: huyo mkubwa anayekula katikati ni nani, na hao wadogo ni akina nani.

Nimeharibu karatasi nne. “Ni mzito sana” — hapana, atamtambua. “Haonekani” — mbaya zaidi! Ya tano: Bwana DO, kwa heshima, mlaji huyo hayuko Kakamega. Wala Nairobi. Yuko juu zaidi — hapana! Karatasi ya sita.