Achari Iliyokwenda Kitomanga

Jumatano, 2 Julai

Matango kumi na mawili. Vitunguu vitatu. Nimekata duara nyembamba, nikanyunyiza chumvi, nikaacha kwenye chujio saa nzima yatoe maji. Siki na sukari nikachemsha pamoja na bizari, tangawizi na haradali. Nikaacha ipoe kabisa. Mwezi uliopita nilimimina ya moto, matango yakalegea kama matambara. Tango la achari lazima lilie mdomoni.

Chupa nne zimeingia friji. Friji kaninunulia binti yangu Rukia, yuko Dar, na vipimo alinisomea yeye kwenye simu. Tamu kidogo, kali kidogo. Naipenda kuliko ya embe.

Hashimu kaonja kwa ncha ya kijiko. Kasema achari ni ya kuanikwa juani, hii ni maji ya matango, inamuumiza meno. Mume wangu hajapata kumenya kitunguu hata kimoja katika miaka ishirini na sita ya ndoa. Ila maoni anayo.

Ijumaa, 4 Julai

Hashimu kaondoka asubuhi na basi la Lindi. Anakwenda Kitomanga kupulizia dawa mikorosho aliyoachiwa na baba yake. Tangu mwaka jana mikorosho hiyo inataka kuonwa kila Ijumaa. Mgonjwa mahututi haangaliwi hivyo.

Kavaa kanzu. Kwenda kupuliza salfa.

Jumamosi, 5 Julai

Chupa zimebaki mbili. Miezi yote hii zikipungua nilidhani nimekosea kuhesabu.

Anayeingia jikoni kwangu ni mtu mmoja tu, jirani yangu Mama Tausi. Samaki wake wanakaa kwenye friji yangu. Nikamuuliza. Nilijidai nafanya mzaha, lakini haukuwa mzaha na yeye alijua. Akatoa samaki wake mmoja mmoja, akawatia kwenye beseni, akaenda zake. Siki inauzwa kila duka hapa Nangurukuru na yeye anakuja kuniibia. Watu wadogo.

Jumapili, 6 Julai

Hashimu karudi. Nimefua kanzu yake. Mtu aliyepuliza salfa ananuka salfa hadi kwenye kope. Kanzu inanukia udi.

Nimeanika. Nimemtazama akila wali wangu, akilalamika nazi haikukolea, na tonge la tatu tayari liko mkononi.

Jumanne, 8 Julai

Shule zimefunguliwa. Darasa la tatu wamesahau kila kitu nilichowafundisha, wengine hata majina ya miezi.

Jioni nimetengeneza chupa nyingine. Moja nimeitia pilipili kichaa kiganja kizima, nimezisaga ili zisionekane. Nimeiweka mbele, mkono unapofika kwanza. Aliyeizoea friji yangu nitamsikia akipiga kelele. Kama ni Mama Tausi, ukuta wetu ni mmoja.

Ijumaa, 11 Julai

Hashimu kaenda Kitomanga. Nilikuwa shuleni. Nimerudi mchana, nimefungua friji. Ile ya mbele haipo.

Mama Tausi tangu Jumamosi hajakanyaga kwangu.

Basi ndiye. Mwanamume wa miaka hamsini na minne, ana kofia ya kushonwa kwa mkono, watu wanamsimamisha barabarani kumpa salamu, na anaiba achari ya matango nyumbani kwake mwenyewe. Angeomba ningempa. Ila kwanza alikuwa ameshaitukana. Hawezi kuomba alichokitukana, kwa hiyo anaiba. Ndivyo alivyo. Ameishi hivyo maisha yote.

Lakini anampelekea nani?

Jibu nalijua. Sitaki kuandika.

Jumamosi, 12 Julai

Nimekwenda kwa Mama Tausi. Nimepiga hodi mara tatu. Kaitikia salamu kupitia dirishani na mlango hakufungua. Ningekuwa yeye nisingeitikia hata salamu.

Jumapili, 13 Julai

Hakurudi. Simu haipatikani. Nimekula peke yangu, nimefurahi, kisha nimejichukia kwa kusikiliza kila basi linaloshusha abiria pale njia panda.

Jumatatu, 14 Julai

Niandike yote kama yalivyokuwa.

Nilikuwa nimetoka shule, sijavua hata viatu. Hodi mlangoni. Msichana wa miaka ishirini na mbili, ishirini na tatu. Mjamzito, miezi saba hivi. Ana kikapu. Nikadhani ni mzazi wa mwanafunzi.

"Shikamoo, wifi," kasema.

"Marahaba." Nilidhani sikusikia vizuri. Sina kaka. Kwetu tulizaliwa wasichana watupu.

Kakaa mkekani, kafunua kikapu. Chupa zangu. Tupu, zimeoshwa, mifuniko imekaushwa. Kasema anaitwa Zainabu, ametoka Kitomanga, ni mke wa Mzee Hashimu, walifunga ndoa mwaka jana baada ya Idi. Tangu apate mimba chakula kilikuwa hakikai tumboni ila achari ya dada yake Mzee Hashimu, mwalimu wa Nangurukuru. Alimwomba mara nyingi amlete aje ashukuru, kila siku anapewa sababu. Leo kamuaga anakwenda kliniki, kapanda basi. Pale njia panda kauliza nyumba ya mwalimu, kaonyeshwa.

"Nimekuja unifundishe, wifi. Nisikusumbue kila wiki. Na ile ya mwisho, samahani, nahisi vipimo vilikosewa. Ilinichoma mpaka nikalia. Mtoto kageuka tumboni."

Hapo ndipo niliposikia aibu. Si kwa sababu ya mume. Kwa sababu ya ile pilipili.

Nikamuuliza, "Mkewe wa kwanza alikwambia yuko wapi?"

"Alifariki, Mungu amrehemu. Si wewe ulimuuguza?"

Nikamwambia Mungu amekwisha mrehemu, anafundisha darasa la tatu. Nikamwambia mimi si wifi yake. Nikamshushia picha ya harusi kutoka ukutani, na cheti nikamletea, maana mimi ni mwalimu na siachi kitu bila ushahidi. Na pilipili nikamwambia niliitia kwa makusudi, nikitega mwizi, sikujua mdomo utakuwa wake.

Hakulia. Kaomba maji. Kanywa bilauri mbili. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Na yeye huwa anakula. Akitia achari kwenye wali chupa inabaki nusu. Anasema dada yake ana mkono."

Ana mkono! Miaka yote hii nimeambiwa chumvi imezidi, nazi haijakolea, maji ya matango. Kumbe sifa zangu zilikuwa zinapanda basi kwenda Kitomanga, anapewa dada yake ambaye hajazaliwa.

Nimemsindikiza Zainabu stendi. Nimemwambia vipimo vyote njiani, akavirudia hadi akavishika. Ana akili. Anamzidi kwa mbali yule aliyemwoa.

Jumanne, 15 Julai

Hashimu kaja. Kumbe Zainabu alimwambia usiku uleule.

Kaanza na koo. Kakohoa, kasafisha koo, kasema tuketi tuzungumze kama watu wazima. Kisha akaileta dini. Sheria inamruhusu wanne.

"Sheria inakuruhusu kuoa," nikamwambia. "Haikuruhusu kunizika. Umeniua, kisha ukanifufua nikawa dada yako."

Kasema alikuwa ananihurumia, hakutaka niumie. Kasema wanaume wengine wanafanya makubwa kuliko hayo. Kasema na mimi nimezidi ukali, nyumba imekuwa darasa. Kila sababu aliitoa kama anatoa samaki chuchunge kwenye ndoo, hakuna hata mmoja wa kutosha kitoweo.

Nilisubiri hasira. Haikuja. Nilimtazama tu. Ana nywele masikioni. Nilikuwa namwogopa huyu? Nilikuwa najipaka wanja kwa ajili ya huyu?

Nyumba iko kwa jina langu. Nimemwambia nataka talaka na mashahidi.

Ijumaa, 18 Julai

Baada ya sala shehe wa mtaa kaja na wazee wawili. Wakanishauri nisubiri. Mzee mmoja kasema mwanamke mwenye subira hapotezi. Nikamuuliza kama binti yake angeitwa marehemu angali hai angemshauri subira. Kaangalia viatu vyake.

Hashimu kaulizwa kama kweli alisema mkewe amefariki. Kasema "kwa namna fulani". Hata shehe aliinamisha kichwa kuficha uso. Talaka imeandikwa.

Jioni nimekwenda kwa Mama Tausi. Safari hii sikupiga hodi kwa maringo. Nilisimama uani kwake mbele ya binti zake, nikasema, "Nilikuita mwizi na wewe hujaiba. Nisamehe." Kaniacha nimesimama mpaka miguu ikauma. Kisha kasema, "Hukuniita. Uliniuliza huku unacheka. Hiyo ni mbaya zaidi." Ni kweli. Kwa miaka ishirini na sita nimemdharau asiyestahili dharau na nimempikia aliyestahili.

Kanivutia kigoda.

Jumapili, 27 Julai

Zainabu kapiga simu. Amerudi kwa wazazi wake Mchinga, atajifungulia huko. Hajui bado kama atarudi Kitomanga. Sikumshauri. Kaniita dada, nimeitika.

Hashimu kamtuma mtu achukue redio na makoti yake mawili. Nimempa.

Asubuhi Mama Tausi kanisaidia kugeuza godoro. Upande aliokuwa akilala yule kulikuwa na shimo kama mahali alipolala ng'ombe. Godoro zito, mikono yetu imechoka, tukaliangusha, tukakaa juu yake sakafuni tukihema. Tukanywa chai hapohapo. Kisha tukalipandisha.

Mchana nimelala. Katikati. Nimeamka alasiri imeshaadhiniwa, nimeoga, nimesali, nimerudi kulala tena.