Sikio la Baba Yako

Mwanangu,

Sisi wazima, na paa la gereji halivuji tena.

Dereva mmoja wa teksi alituletea gari lililokataliwa kwenye ukaguzi kwa moshi mweusi. Likikataliwa tena, halirudi barabarani. Injini ilikuwa inapewa petroli nyingi kuliko hewa. Ukipunguza petroli kupita kiasi, moshi unakwisha lakini gari halipandi mlima.

Baba yako, unavyomjua, hurekebisha kabureta, kile kinachochanganya petroli na hewa, kwa kusikiliza. Sasa hasikii, na wateja hawajui. Basi nikasimama nyuma yake, mkono begani, kama mke anayejidai na mumewe. Akakaza skrubu ya petroli taratibu. Injini ilipoanza kukohoa, nikamfinya. Akailegeza skrubu kidogo, injini ikatulia, nikamwachia.

Jana dereva alirudi. Amepita ukaguzi, na mlima ameupanda na abiria wanne.

“Mzee, sikio lako halina mpinzani!”

Baba yako akatabasamu tu. Dereva alipoondoka, akaniuliza, “Yule alikuwa anasema nini?”

Nikamwandikia kwa chaki sakafuni: “Amelisifu sikio lako.”

Akacheka mpaka akakaa chini. “Basi zipokee sifa, bibi wee. Ni zako.”

Nimezipokea.

Mama yako, fundi