Majina ya Korongo

Jumapili, 4 Agosti
Nimebeba tofali tangu asubuhi. Mgongo haunitaki. Kiangazi kimekausha milima yote, ziwa huko chini limetulia. Katika ardhi aliyotupa shemeji, kaka wa mke wangu, nimechagua kiwanja cha nyumba ndani ya korongo kavu: tambarare, mchanga mwororo, upepo haufiki. Watu wa Ujiji tunajua kuchagua.

Mama mkwe yuko barazani kwake. Kila nikipita anataja majina ya ardhi kwa Kiha, kwa sauti. Mimi na yeye hatusogeleani, ndiyo heshima ya mkwe. Miaka tisa ya ndoa, salamu za mbali tu.

Jumatatu, 5 Agosti
Kumbe ni ushairi! Mke wangu Zuhura kanitafsiria. Palipong'oka Migomba. Mbuzi Hawakurudi. Bibi Juu ya Mchikichi. Ni majina ya korongo letu, kipande kwa kipande, kutoka mlimani hadi ziwani. Zuhura mwenyewe hakuwahi kuyasikia, maana alilelewa Ujiji kwa shangazi yake.

Nimeyaandika yote. Mimi mtunzi wa mashairi ya harusi sijawahi kupata mstari kama Mbuzi Hawakurudi. Nampenda huyu mama.

Jumatano, 7 Agosti
Leo kayataja kwa nguvu zaidi, huku akinyoosha fimbo. Nimempelekea kitenge kwa mkono wa Zuhura, ahsante ya mashairi. Kakirudisha.

Nimeumia. Nilidhani tunapendana.

Kesho fundi anaanza msingi.

Alhamisi, 8 Agosti
Sijui nianzie wapi.

Fundi alikwishachimba mtaro wa kufika magotini. Mama mkwe akaja na fimbo yake, akashuka, akaketi humo ndani. Fundi akanitazama mimi, mimi nikatazama ziwa. Mkwe hashikwi mkono, wala hafokewi. Jua likapanda. Zuhura akabembeleza, wapi.

Mchana akanigeukia mimi mwenyewe, kwa Kiswahili. Mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake.

"Baba, wewe unaandika tu, husomi. Hayo majina ni ya maji. Yalishuka hapa mimi mdogo, yakang'oa migomba, yakabeba mbuzi wote. Huyo wa kwenye mchikichi ni mama yangu, alikesha huko juu na mimi mgongoni. Sasa wajukuu zangu unataka kuwalaza hapa?"

Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Siku nne mwanamke ananiambia nitakufa, mimi nahesabu mizani. Nikasema, "Nisamehe, mama." Nikampa mkono atoke mtaroni. Akaushika.

Ijumaa, 9 Agosti
Nimefukia mtaro mwenyewe. Shemeji kakubali tupande juu.

Jumatatu, 12 Agosti
Tuko mgongoni mwa kilima. Mawe matupu. Upepo unapeperusha kofia ya fundi na fundi amenuna. Tofali zote zimepanda kwa kichwa.

Mama kaja kupaona. Nikamwomba, kwa mbali kidogo tu, anitajie jina la hapa nilichonge mlangoni. Akatembea polepole, akigonga ardhi kwa fimbo, akatazama bonde, akatazama ziwa. Akasema hapa hapajapata jina, hakuna jambo lililowahi kutokea. Tukae kwanza.

Zuhura akamimina chai. Mama kanywa upande ule wa jiwe, mimi upande huu.